Maziwa Hayaoshi Mapafu

Nyumbani kwa mama, chumba cha nyuma
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mpendwa mdogo wangu,

Salaam. Natumai hujambo, wifi hajambo, na watoto wanaendelea vizuri na shule. Nimeanza na salamu kwa sababu mama ndivyo alivyotufundisha, na amekaa hapa mbele yangu ananitazama. Asingekuwepo ningeanza kwingine. Yeye ni mzima, ila magoti yanamsumbua. Kila siku anauliza kama umepiga simu, namwambia mtandao mbovu. Usinishukuru.

Ukitaka kujua hali yangu, nina hasira. Kula nakula, kulala nalala, lakini hasira haishuki.

Makopo yako yamefika. Niliposikia umemtumia shemeji yako kifurushi nilifurahi, nikasema afadhali, amemkumbuka. Nikakifungua mbele yake. Maziwa ya unga! Na ujumbe juu yake, eti anywe asubuhi na jioni, yanasafisha kifua. Jamani, wewe una akili timamu kweli? Mume wangu ana kansa ya mapafu, wewe unamtumia maziwa?

Mwenyewe alicheka. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka nikamshika mgongo. Kisha akasema, "Bosi hajabadilika." Hakusema kwa ubaya. Hajui kusema kwa ubaya, ndiyo maana nakuandikia mimi.

Ngoja nikueleze alichosema daktari, maana naona waliokupa habari wamekupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alimuuliza mgonjwa anafanya kazi gani. Akajibu anakata mawe, ya meza za jikoni, ya ngazi, ya makaburi. Daktari akauliza, mnakata kwa maji au makavu? Mume wangu akanitazama kwanza. Makavu, akasema. Daktari akaweka kalamu chini. Akatuambia lile vumbi la mawe lililo baya zaidi hata macho hayalioni, linazama ndani kabisa ya mapafu na halitoki, na ukilivuta miaka nenda miaka rudi linaweza kuleta kansa. Nikamuuliza, na maziwa je? Akasema, "Mama, maziwa yanaenda tumboni." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Karakana yako nzima tuliamini yale maziwa, kwa kuwa wewe ulisema.

Na habari za sigara usinianzie. Nasikia umemwambia msimamizi wako wa karakana kwamba labda shemeji yako alikuwa akivuta kwa siri. Huoni haya? Katika familia hii aliyekuwa akivuta nyuma ya choo ni wewe, na aliyekuwa akikufichia ni yeye.

Zile mashine zilikuja na bomba lake la maji. Maji yanadondokea kwenye msumeno, vumbi linageuka tope, basi. Wewe ndiye uliyeyafunga. Tope liliziba mtaro, jirani wa duka la nguo akalalamika, ukaona kero. Ukafunga maji, ukaleta maziwa, kila mtu pakiti yake saa ya kutoka. Watu wakakushukuru. Bosi ana roho nzuri, walisema, na mimi nikaitikia. Kumbe maziwa yalikuwa rahisi kuliko kuzibua mtaro!

Sasa nije kwenye linaloniuma zaidi. Umempigia simu mdogo wetu wa mwisho, ukamweka kwenye mashine ya shemeji yake. Mashine ile ile, kona ile ile isiyo na dirisha. Ijumaa alikuja kumjulia hali mgonjwa, kope nyeupe pee, akakaa ukingoni mwa kitanda, akakohoa. Kikohozi kidogo tu, kikavu. Mimi na mume wangu tukatazamana. Labda ni mafua, sijui. Cha mume wangu nacho kilianza hivyo hivyo, nasi tukasema labda ni mafua.

Nilimwambia aache kazi ile. Akanijibu, "Dada, kaka akisema maji yafunguliwe, tutafungua. Mimi ni nani?" Nikakupigia, hukupokea. Nikamtuma msimamizi, ukamjibu kwamba mtaro utengenezwe kwanza. Mwaka jana ulisema maneno hayo hayo. Kweli, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Basi jana mume wangu aliamka akaomba viatu vyake vya kazi. Nilimkatalia, akavaa. Karakana ni hapo tu, ukiita wanakusikia, lakini alipumzika kwenye kila kibaraza njiani. Alipoingia, watu walizima mashine bila kuambiwa. Akaenda moja kwa moja kwenye koki ya ukutani, akaigonga nyundo mpaka kutu ikaachia, akafungua. Maji yakatoka mekundu, halafu safi. Akamwambia mdogo wetu, "Haya, kata." Akakata. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Kwa mara ya kwanza niliuona ukuta wa nyuma wa karakana ile huku mashine inanguruma. Nililia, sikuficha.

Msimamizi akakupigia, na safari hiyo ukapokea! Sote tulikusikia ukifoka. "Funga maji!" Hukuuliza mgonjwa amefikaje pale. Hukusema nipe shemeji nimsalimie. Funga maji tu.

Hayafungwi. Mume wangu aling'oa mpini wa koki akanikabidhi. Msimamizi akatafuta koleo la kuifungia, na kumbe makoleo yote ya karakana nzima yalikuwa yamepotea ghafla. Mtaro tutauzibua wenyewe kila jioni. Jirani nimeongea naye, amekubali, kwani hata nguo zake zilikuwa zinachafuka kwa vumbi lako. Ukimtuma fundi wa kufunga atanikuta mlangoni, nawe unanijua.

Msalimie sana wifi. Watoto waambie shangazi yao anawapenda na hana ugomvi nao. Mama anakuombea. Mdogo wetu anakusalimu, anakuogopa bado. Mungu akupe afya, akupe na pumzi ya kutosha, hiyo hujui thamani yake.

Yale maziwa tumetilia chai. Kopo moja limekwisha, na ndani yake nimeweka mpini wa koki. Liko kando ya kitanda cha shemeji yako. Ukiutaka, njoo uuchukue mwenyewe, kwa mkono wako, yeye akikutazama. Ila daktari amesema usichelewe.

Ni mimi dada yako, niliyekubeba mgongoni, na ambaye bado nakupenda, ingawa leo ni kwa shida.