Mama Hataki Kuhama Kabla ya Masika

Goba, Jumapili alasiri, Machi. Joto. Mawingu yamekaa upande wa Kibaha tangu asubuhi na hayasogei.

Hakuna upepo kabisa. Nguo nilizoanika tuliporudi misani zimening'inia bila kutikisika. Redioni wamesema masika mwaka huu yatawahi. Deo, mume wangu, aliposikia hivyo aliinuka akaizima, akasema betri inaisha.

Redio yetu inatumia umeme.

Naandika hapa kwa sababu mtaani siwezi kuyasema haya. Nikitaja tu neno kuhama, naonekana mkwe anayemtoa mama wa watu kwenye nyumba yake. Nyumba ni ya mama yake Deo kweli. Aliijenga na marehemu mumewe wakati Goba ni mashamba, na sisi tulihamia kwake baada ya mzee kufariki. Nampenda huyu mama. Ndiyo maana siwezi kunyamaza.

Nyuma ya nyumba kuna korongo. Nilipoolewa lilikuwa mtaro tu, watoto wakilirukaruka wakitoka shule. Sasa ukitupa jiwe unasubiri kabla ya kulisikia. Masika yaliyopita choo cha jirani kilishuka humo mchana kweupe, na kwa kuwa hakukuwa na mtu ndani, mtaa mzima ulicheka. Mwenye choo mwenyewe alicheka. Sikumbuki ni nani aliyekuwa wa kwanza kuacha.

Baada ya hapo mjumbe aliitisha kikao, tukakubaliana kujenga ukuta wa viroba vya mchanga ukingoni. Mimi ni fundi cherehani, hushona sare za shule, kwa hiyo nilipewa kazi ya kushona midomo ya viroba pamoja na wanawake wengine. Wanaume wakajaza. Lori la mchanga lilikuwa ghali, basi wakashuka chini ya korongo wakachimba palepale, chini ya nyumba zetu, maana mchanga wa pale ni msafi na uko karibu. Deo ndiye aliyeshika koleo la kwanza. Tulipika pilau. Tulipiga picha mbele ya ukuta.

Hakuna aliyefikiri kwamba tunachimba miguu ya kilima ili tukivishe kofia.

Ukuta bado umesimama, mnyoofu kabisa. Kinachopungua ni kilicho chini yake. Ukisimama upande wa pili wa korongo unaona viroba vimekaa juu ya ardhi iliyoliwa kwa ndani, kama meza ambayo mtu ameondoa mguu mmoja. Nilimpeleka Deo akaone. Alitazama muda mrefu, kisha akaniuliza kama nyumbani kuna sukari.

Alhamisi ilinyesha mvua fupi, haikujaza hata ndoo. Ilipokatika niliona ufa uani. Unaanzia kwenye ukuta wa viroba, unapita jikoni kwa nje, unaishia kwenye kona ya chumba cha Mama. Niliweka vijiti viwili, kimoja kila upande, vikigusana. Leo baada ya misa nilikwenda kuviangalia.

Havigusani.

Deo amekoroga saruji na kuuziba ufa. Umezibika vizuri sana, huwezi kuuona. Ndicho kinachonitisha.

Kuhama kwenyewe kumeshapangwa. Deo ni mtunza stoo, na kampuni yake ina stoo nyingine Morogoro. Aliomba uhamisho, akaupata. Tumepata nyumba ya kupanga Kihonda, vyumba vitatu, kimoja cha binti yetu Neema, kimoja cha Mama, chenye dirisha linalotazama mlima. Lori linakuja Jumamosi.

Nimewauliza watu wengi kuhusu Morogoro, kila mtu na mji wake. Binamu yake Deo anasema ni pepo: maji ya mlimani, mboga za kumwaga, unatoka kazini unafika nyumbani jua lingali juu. Mwalimu mmoja niliyesoma naye sekondari, aliyehamia huko, anasema mji mtamu lakini ikifika saa mbili mtaa umelala, na ukiwa mgeni utakuwa mgeni muda mrefu. Wateja nao, akasema, wanashona kwa fundi waliyemzoea hata kama anawakosea mikono. Hilo liliniuma, kwa sababu hata mimi ninaogopa. Hapa shule zinanijua. Kule nitaanza kwa kubandika karatasi ukutani.

Dukani kwetu nilitaniwa mpaka nikasahau nilichofuata.

"Watu wanatoka mkoani wanakuja Dar, nyie mnaendesha rivasi!" alisema muuza duka.

"Waache wakalime," mwingine akadakia. "Mama Neema, usitusahau na mchicha."

"Kwani Morogoro hakunaga mafuriko?"

Nilicheka nao. Swali la mwisho sikulijibu. Mafuriko yapo, nimeuliza. Nilichoangalia ni nyumba iko wapi, na iko mbali na mto. Huo ndio uhakika wote nilionao.

Mama amekataa tangu mwanzo. Hagombi, hapandishi sauti, anasema tu, "Nyie nendeni, mimi nipo." Sote tulidhani ni nyumba. Deo alimwambia tutaifunga vizuri, atakuja kuiona. Paroko alimwambia nyumba ni matofali. Aliitikia vyote kwa heshima na akaendelea kuchambua mchele.

Leo nilikaa naye barazani. Nikamwuliza bila kuzunguka, "Mama, ni nini hasa?"

Alijifunga khanga upya. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi ni mtu mzima. Nikifia huko nitazikwa na nani?"

Alianza kunieleza kama mtu anayemfundisha mtoto njia ya sokoni. Hapa ana jumuiya yake. Ana kikundi cha kuzikana, amekuwa akienda kwenye kila msiba, amewaosha wenzake, amelala kwenye mikeka ya watu, amekoroga uji wa matanga. "Hawa wananijua. Wakisikia, wanakuja wenyewe, hawaitwi. Huko mtapiga simu, waje watu wawili na dereva wa gari la kukodi."

Miezi yote tumezungumza naye habari za saruji na korongo, na yeye alikuwa anawaza mazishi yake.

Nikapata wazo. Mama Salma alikuwa na duka la khanga hapa mtaani, ukoo wao wa wafanyabiashara wa Kiarabu waliokuwa hapa kabla ya wote, na sasa yuko Kihonda. Yeye na Mama walikuwa wakipelekeana futari na keki za Krismasi. Nikampigia, nikamwambia niko na Mama, nikaweka sauti ya nje.

"Shikamoo Bibi!"

"Marahaba mwanangu. Hivi huko watu wanazikana?"

Mama Salma hakushangaa hata kidogo. Akasema mtaa wao una chama cha akina mama, Waislamu kwa Wakristo, na alipofiwa na mumewe walimjazia ua mpaka barabarani. Ila wana sharti lao: mgeni huzika wenzake kwanza. Ukionekana kwenye misiba ya watu ndipo unaandikwa.

Mama akakunja uso. "Na nikifika tu nikafa?"

"Bibi, ukinifanyia hivyo nitakuchimbia mimi mwenyewe, kwa mwiko! Tena nitakusema mbele ya watu."

Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Sijamsikia akicheka hivyo tangu masika yaliyopita. Walizungumza wenyewe wakanisahau, wakaulizana nani kafa, nani kaoza binti. Alipokata simu alifuta macho kwa upande wa khanga, akasema, "Haya. Nitakwenda."

Nilitaka kumkumbatia. Kumbe hajamaliza.

"Nitakwenda baada ya Pasaka. Jumuiya wiki ile wanasali kwangu, ni zamu yangu, na ndiyo watakuwa wananiaga. Siwezi kuondoka kama mtu aliyeiba."

Jumuiya yetu husali nyumba kwa nyumba kwa zamu, na zamu kwa Mama ni kitu kizito. Hupaka chokaa, hutoa vikombe vya kabatini. Nilimwambia Pasaka mvua itakuwa imekolea. Akasema mvua ameziona nyingi. Nikamwonyesha kona ya chumba chake. Akasema, "Si Deo ameshaziba?"

Deo, aliyekuwa akisikia kutoka ndani, akasema, "Basi, mwache asali na wenzake, nitabaki naye." Alisema kwa upole, kama mtu mwema.

Tangu saa ile nawaona. Wanawake wote wa jumuiya, wengi wao watu wazima wa miguu mibovu, wamekaa kwenye mikeka sebuleni kwetu, viatu vyao vimejaa mlangoni, mvua inapiga bati hawasikii kitu kingine, wanaimba. Na Mama katikati amevaa kitenge cha sikukuu, ana furaha, kwa sababu wamekuja bila kuitwa.

Sitaki kuendelea kuliona hili.

Nimekwenda tena uani sasa hivi. Saruji ya Deo imepasuka katikati, mstari mwembamba kama uzi.

Nimeamua. Kesho asubuhi, kabla sijagusa cherehani, nitakwenda kwa mwenyekiti wa jumuiya. Nitamwomba sala ya Mama iwahishwe wiki hii, na ifanyike nyumbani kwake mwenyekiti, kule tambarare kwenye barabara ya lami, si hapa. Nitamweleza kila kitu, hata habari ya mchanga. Nitamwomba asimwambie Mama kuwa ni mimi, na najua atamwambia, kwa sababu ni rafiki yake. Mama ataona nimemnyang'anya zamu yake. Kwa mwanamke wa umri wake hilo ni tusi, na halisahauliki upesi. Deo naye atasema nimemzunguka.

Haya. Jumamosi atapanda lori akiwa amenuna, atakaa dirishani, hatanisemesha njia nzima.

Asiponisamehe, basi asinisamehe akiwa Morogoro.