Mama Alichuma Chai Siku ya Sabato

Dada yangu Kerubo,

Nakusalimu kutoka huku Ujerumani nikitumaini kwamba wewe na mama mmeamka salama hapo Manga, na kile kikohozi chako kimekuachia. Mimi mwili ni mzima, ila moyo umekataa kutulia tangu uniandikie habari za mama.

Ulisimulia kama kichekesho: mama, Msabato tangu utotoni, kuchuma chai Jumamosi na kukaa na kikapu chake kwenye kituo cha kununulia chai kilichofungwa, watu wakimpita kwenda kanisani. Wewe ulicheka. Mimi sikuweza. Dada, hiyo ndiyo kazi yangu huku, kuwatunza wazee wanaopotelewa na siku. Nilimpigia simu nikamuuliza taratibu, akawa mkali. "Nani achume chai siku ya Mungu? Mnanisingizia." Hakumbuki kabisa.

Jengo tunalofanyia kazi lilikuwa shule ya chekechea. Masinki bado yako chini, wazee wanainama kunawa. Watu huku huzaa mtoto mmoja au hawazai, wazee nao wanaishi sana, kwa hiyo wanatafuta vijana kwetu. Na sisi tunakuja mbio, maana tulizaliwa tisa na shamba la baba likagawanywa hadi kila mtu akabaki na mistari michache ya chai. Nawalisha uji mama za watu, na mama yetu amebaki na wewe peke yako. Mwezi ujao wewe pia unaondoka kuja huku, kwa karatasi nilizokutafutia mimi mwenyewe. Naona aibu.

Sikuzuii. Umesomea kazi hii na umengoja vya kutosha. Lakini kwetu nyumba ya mama hurithiwa na kitinda mimba, naye ndiye humtunza mama, na kitinda mimba ni mimi. Nilijigamba kwa nyumba hiyo mbele ya kaka zetu wote, kisha nikakuachia wewe kazi yake. Jana nilimwambia msimamizi kwamba narudi nyumbani. Akauliza nani atashika zamu zangu. Nikamtajia jina lako.

Nisalimie kaka mkubwa, na umwombe shangazi wa Kebirigo awe akija kushinda na mama. Sabato hii mshike mama mkono hadi kanisani, wala usimwambie kwa nini. Na tafadhali, usifunge sanduku lako kabla hujaniona langoni.

Ni mimi mdogo wako,
Nyabuto