Upande wa Dinah

Kwanza, 9 Februari 2025

Kaka yangu Wekoye,

Salamu nyingi kutoka huku Kwanza. Mgongo wako unaendeleaje? Wifi Nabwile na watoto hawajambo? Sisi ni wazima. Mahindi tulivuna vizuri, na shemeji yako Kibiwott amenenepa, ingawa najua hilo hutaki kulisikia.

Nimeandika kwa sababu simu zangu hupokei. Chepngeno wangu anaolewa! Ulimwona mwisho akiwa hana meno ya mbele. Kijana anaitwa Kemboi, anauza dawa za mifugo Kitale mjini. Posa ni Agosti. Jana Chepngeno aliniuliza, "Upande wako atakaa nani?"

Nikamwambia majirani wapo, ni kama ndugu.

"Sitaki wa kama, mama. Nataka ndugu wenyewe."

Ameapa posa haitaanza viti vya upande wangu vikiwa vitupu. Ukaidi huo unajua umetoka wapi. Si kwa Kibiwott.

Njoo, kaka.

Dada yako,
Dinah


Malakisi, 2 Aprili 2025

Dada Dinah,

Natumaini mko salama kama sisi. Mgongo unauma, lakini cherehani haijui hayo, kwa hivyo nashona tu. Mpe Chepngeno hongera.

Mimi siji. Nyumba ya baba pale Cheptais ilipochomwa kwenye vile vita vya makabila, tulikuja hapa kwa lori, na godoro moja na kuku. Nilikuambia panda twende. Ukabaki na watu wa mume wako. Baba alipokufa, hukuja. Basi watu wako ni hao uliowachagua. Wakae wao kwenye hivyo viti.

Nabwile anakusalimia. Sikumtuma. Ameona tu jina lako kwenye bahasha.

Kaka yako,
Wekoye


Kwanza, 14 Aprili 2025

Kaka,

Salamu tena, hata kama umenuna. Za wifi nimezipokea kwa mikono miwili.

Wekoye, nyumba yetu nayo ilichomwa. Wiki ileile. Watu wa Kibiwott walimwambia amfukuze mwanamke wa Kibukusu, akakataa. Tukalala kanisani na mtoto, kisha tukaja huku kukodi shamba. Na huku napo nikaitwa "yule Mbukusu", mpaka leo. Habari za baba zilinifikia akiwa ameshazikwa. Hakuna aliyenipigia.

Nilidhani haya yote unayajua na umeamua kuyapuuza. Uliposema "watu wa mume wako" ndipo nilipoona kwamba hukuwahi kuuliza, na mimi sikuwahi kusema.

Sasa nimesema. Viti bado viko.

Dada yako,
Dinah


Malakisi, 21 Julai 2025

Dada yangu Dinah,

Hamjambo nyote? Kibiwott hajambo? Mbona hukunionya?

Jumamosi niko kibandani nashona sare za shule. Msichana mrefu akaingia, akanyoosha mikono yote miwili, akasema, "Mama!"

Nikageuka nyuma nimwone huyo mwanamke anayeitwa. Hakuna. Ni mimi tu na ndevu zangu.

"Binti, umepotea," nikamwambia.

"Sijapotea. Wewe si Wekoye? Kwetu kaka ya mama tunamwita mama."

"Hapa tunamwita khocha."

"Basi nitakuita yote mawili mpaka uje Kwanza."

Nabwile alicheka mpaka akakaa chini mavumbini. Soko lote sasa linaniita Mama Wekoye. Hata pasta, bana!

Tulimchinjia kuku. Alijaribu kusema Kibukusu, akaharibu kila neno na hakuona haya hata kidogo. Kisha akaomba aonyeshwe kaburi la babu yake. Alisimama pale akajitambulisha kwa sauti kubwa, kama anayeongea na mtu mwenye masikio mazito: "Mimi ni Chepngeno, wa Dinah." Na baba masikio yake yalikuwa mazito kweli, wewe unakumbuka. Ikabidi niende kuangalia ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote.

Barua yako ya Aprili niliisoma mara nyingi. Kila nikishika kalamu, nakosa pa kuanzia. Poleni kwa nyumba yenu. Mwambie Kibiwott nimesema pole. Au usimwambie, nitamwambia mwenyewe.

Tunakuja watu wanane. Usipike samaki, Nabwile hali.

Kaka yako,
Wekoye


Kwanza, 25 Agosti 2025

Kaka yangu Wekoye,

Mlifika salama? Watoto hawakutapika njiani? Sisi ni wazima, ila sauti zimetukauka.

Kibiwott bado anadai hukumshinda ule ubishi wa mbolea. Ati mlikatizwa tu. Nilipowaona mmekaa wawili, kila mtu anatazama viatu vyake, nilitaka kukimbilia jikoni. Mkashikana mikono, ukamwambia lile neno lako, naye akaitikia kwa kichwa. Kisha ukamwuliza, "Mlipofika huku bila kitu, mbegu na mbolea mlipata wapi?" Akaanza kukueleza, ukaanza kumpinga, mkaendelea mpaka mzee Rotich, msemaji wa kina Kemboi, akawaomba mpunguze sauti posa ianze.

Alipouliza upande wa mama ni kina nani, mkainuka wote wanane kwa pamoja, hata katoto kalikokuwa kamelala begani. Chepngeno alinishika mkono, akaufinya, hakuuachia mpaka mlipoketi.

Leo asubuhi jirani yangu Jerono amekuja kuchukua sufuria zake. Amezunguka-zunguka, halafu akasema, "Dinah, miaka hii yote nilidhani wewe huna kwenu."

"Ninako. Ni Malakisi."

"Si uende basi! Unaenda lini?"

Nikasikia mdomo wangu unajibu kabla sijafikiri: "Ijumaa."

Kwa hivyo, kaka, ni Ijumaa. Kibiwott ameshapiga viatu rangi.

Dada yako,
Dinah