Alama za Twiga

Mdogo wangu mpenzi,

Marahaba. Shikamoo yako imefika, na kikohozi chako nacho kimefika, maana umekiandikia ukurasa mzima. Kunywa dawa ulizopewa, usijitibu mwenyewe. Hakuna mgonjwa msumbufu kama muuguzi. Sisi huku wazima. Mama goti linamsumbua akipanda ngazi, na ukimuuliza anasema ngazi ndizo zimezeeka. Shemeji yako anakusalimu.

Sasa nijibu swali lako. Unauliza kama alama za chuo cha dawa za usingizi zina maana mtu anapotafuta kazi, na umeongeza kwamba kama zina maana, unaacha masomo muhula huu. Rafiki yako Twiga, unasema, alikuja hospitalini kwetu kwenye usaili akarudishwa kwa sababu alama zake za somo la dawa ni ndogo. Zako ni ndogo kuliko zake. Kama yeye amekwama, wewe utapita wapi?

Nikueleze usaili wetu ulivyo. Alama hutazamwa mara moja, na karani, ili kuhakikisha umefaulu na una leseni. Baada ya hapo mwombaji hufanya kazi nasi siku nzima katika chumba cha upasuaji, mimi nikimwangalia. Jioni matroni huniuliza swali moja tu: mtu huyu unaweza kumwachia mgonjwa, wewe ukatoka ukanywe chai? Nikisema ndiyo, amepata kazi. Nikisema hapana, hata awe aliongoza chuo kizima, anaaga.

Safari hii walikuja wawili. Mmoja ni kijana mtulivu, aliyekuwa wa kwanza darasani kwao. Alifanya kila kitu sawasawa na hakusema neno. Mwingine ndiye Twiga. Kweli mmempatia jina. Ilibidi ainame asigonge taa. Mgonjwa wetu alikuwa mama wa makamo anayetetemeka mpaka kitanda kinalia. Twiga akamwambia kwamba hata yeye anaogopa sindano, ndiyo maana akachagua kazi ya kuwa upande wa kuishika. Yule mama akacheka, akatulia kitandani. Nikasema moyoni, huyu anafaa.

Hapa kwetu, kabla ya kusukuma dawa yoyote, unasoma lebo ya bomba la sindano kwa sauti. Mimi ndiye niliyewafundisha wote. Siku ile daktari wa upasuaji, ambaye tunamwita Redio kwa sababu hazimiki, alikuwa akinisimulia habari za mpira, nami nikachukua bomba bila kusoma. Twiga akanishika mkono. Akasema kwa adabu, samahani dada, hiyo ni ya kulegeza misuli, na mama bado yuko macho. Ilikuwa kweli. Ningeisukuma, yule mama angeshindwa kupumua, asiweze hata kupepesa jicho, huku anasikia kila kitu.

Nilibadilisha bomba, upasuaji ukaenda vizuri. Lakini Redio alicheka, akasema leo mwalimu kapata mwalimu, na chumba kizima kikacheka naye. Kufika mchana hata watu wa mapokezi walikuwa wakiniuliza mtihani nitafanya lini. Nilicheka nao. Ndani nilikuwa nachemka.

Jioni matroni akaniuliza swali lake. Jibu nilikuwa nalo. Badala yake nilisema kwamba alama za binti huyu za somo la dawa ni ndogo, na kazi hii si ya kubahatisha. Matroni alinitazama, maana hajawahi kunisikia nikitaja alama za mtu. Lakini ananiamini. Kijana akachukuliwa.

Basi jibu lako ndilo hilo. Twiga hakukosa kazi kwa sababu ya alama. Aliikosa kwa sababu aliniokoa mbele za watu, nami nikatafuta kisu cha kumchoma, nikakikuta kwenye vyeti vyake. Ningeweza kukuandikia tu kwamba usiache shule, na ingekuwa kweli. Ila ungeniuliza mbona Twiga alirudishwa, na ningelazimika kukudanganya na wewe.

Leo asubuhi nilimweleza matroni. Hakunifokea. Aliuliza kama yule mama aliambiwa kilichotaka kumpata. Nikasema hapana. Akasema basi tuanzie hapo, akanipeleka wodini, akasimama mlangoni mpaka nikamaliza kusema. Yule mama aliuliza tu yule binti mrefu yuko wapi.

Kijana hataondolewa, hana kosa. Mimi usaili sifanyi tena. Matroni anamwandikia Twiga kumwomba radhi, na nafasi ikipatikana ataitwa kabla ya mwingine yeyote. Itapatikana lini, hakuna anayejua. Kazi yake nimeila, na radhi haimlipii kodi ya chumba.

Mpe barua hii aisome mwenyewe. Usimfupishie, na usinitetee. Najua utataka, kwa kuwa mimi ni dada yako. Akitaka kunitukana, mpe namba yangu. Kisha kesho nenda darasani.

Mama anakubusu, anasema ukohoe umefunika mdomo. Wasalimie wenzako wa bweni.

Ni mimi,
Dada yako