Sura Tunayoitosa Mtoni

Ghurni, Krishnanagar
4 Agosti 1931

Mwanangu Khiroda,

Hujambo, na mumeo, na wajukuu zangu? Mimi kifua kinabana. Daktari ameacha kunidanganya. Shangazi yako Nistarini hunilisha uji kwa matusi.

Utotoni ulikuwa ukiniuliza mama yako alifananaje, nami nikasema nimesahau. Sikusahau. Chuoni Kolkata, Mwingereza alitufunza kufinyanga watu walio hai: tazama, pima, usibuni. Kwa ujuzi huo nikawafinyangia magavana wao. Lakini mungu wetu wa kike Durga, mwenye mikono kumi, sura yake hutoka kwenye kalibu ya mababu, umbo la jani la tambuu, haifanani na mtu yeyote. Mama yako alipofariki niliiweka kalibu kando. Sanamu ya Durga ya mtaa nikaipa kidevu cha Hemlata, na uchovu wake chini ya macho. Kila mwaka watu humsujudia mke wangu, kisha sikukuu ikiisha tunamtosa mtoni.

Wafinyanzi wenzangu wakijua, watasema nimenajisi ibada. Na mwaka huu mkono unatetemeka, sura yake inanitoroka. Nirudie kalibu? Sikutaka kufa hujui.

Baba yako

Dhaka
15 Agosti 1931

Baba mpenzi,

Nagusa miguu yako kwa heshima. Sisi wazima, ila mdogo ana surua; anapata nafuu.

Nimelia, kisha nikacheka. Baba, mtaa mzima unajua! Nikiwa mdogo shangazi alinishika mkono: "Twende ukamwone mama yako kabla hawajamtosa. Baba yako usimwambie, ataona haya." Na wafinyanzi wenzako walikuwa wakitaniana juu yako: "Hemlata mwaka huu kapewa mikono kumi. Nibaran atakoma!" Ulidhani kila mwaka navuka mito yote ile kuja sikukuu kufuata vitamutamu?

Kalibu iache ilipo. Shangazi anasema nimekuwa mama mtupu kwa sura. Surua ikiisha nakuja. Nitaketi mlangoni penye mwanga, nitanyamaza, au nitajaribu, nawe unitazame. Mkono ukitetemeka, nitaushika.

Binti yako

Ghurni
27 Agosti 1931

Mwanangu,

Salamu nyingi, pumzi chache. Shangazi yako nimemgombeza kwa kunificha. Amenicheka hadi akakohoa kunishinda.

Udongo nimeshauloweka, uko chini ya gunia. Ukiukuta umekauka, tia maji, uanze bila mimi.

Baba yako