Indiketa ya Kushoto

Ipagala,
Dodoma.
Jumapili, 15 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Edina,

Mbukwenyi! Natumaini huko Tunduru bado unakumbuka kuitikia salamu ya Kigogo, maana nasikia siku hizi mezani kwenu ni wali na samaki tu, mlenda umebaki hadithi. Afya yako inaendeleaje? Goti la shemeji limepoa? Na wale wanafunzi wake, bado wanamwotesha mvi? Sisi huku ni wazima. Upepo wa Juni umeanza, vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria, na asubuhi baridi inauma masikio.

Mama kule Mlali hajambo. Alizeti ameshavuna, mahindi si mabaya. Anakulalamikia kwamba ukimpigia simu unaongea mbiombio kama mtu anayefukuzwa.

Barua hii anakuletea Msafiri, dereva mwenzangu anayekuja kushusha saruji huko kwenu. Utajiuliza kwa nini kaka anaandika barua wakati simu ipo. Nimejaribu simu mara tatu. Ukishapokea na kusema shikamoo kaka, maneno yananikauka, naishia kukuuliza habari za mvua.

Ni habari za Gerson. Usishtuke, mwanao yu hai, anakula, na mguu wake anao. Alikwambia mwenyewe kwamba alianguka na pikipiki akaumia kidogo, kwamba alikuwa na haraka akapita magari vibaya. Ulimgombeza, naye akakubali makosa. Edina, hakupita vibaya. Mimi ndiye niliyempitisha, na hakuumia kidogo.

Ngoja nikueleze, maana hujawahi kukaa kwenye foleni ya Mtumba. Saa moja asubuhi wafanyakazi wa wizara zote wanaelekea huko kwa barabara moja, upande mmoja wa kwenda na mwingine wa kurudi. Magari yanatambaa, na mimi na tipa langu la mchanga ndio kizibo. Aliye nyuma yangu haoni kitu zaidi ya bodi na bamba la namba. Kwa hiyo sisi wa magari makubwa tuna desturi yetu, ambayo haimo kwenye kitabu chochote cha sheria. Mbele kukiwa salama tunawasha indiketa ya kushoto, yaani pita. Kukiwa na gari linakuja tunawasha ya kulia, yaani tulia hapo hapo. Aliyepitishwa anapiga honi ya asante, basi. Watu hamjuani hata kwa sura, lakini mnaaminiana roho.

Unakumbuka ulivyokataa katakata Gerson asiendeshe bodaboda? Mimi ndiye niliyekutuliza. Nilikwambia nitamwangalia kwenye kioo changu, na kweli nilimwangalia. Kila asubuhi kofia yake ya njano ikitokea kiooni, anapiga honi mara mbili, natazama mbele, nawasha ya kushoto, anapita huku amenyoosha mkono. Utingo wangu alikuwa ananicheka kwamba natabasamu kama bibi harusi. Nilikuwa najivunia, sikufichi. Aliwahi hata kumwambia wifi yako Gladness kwamba mjomba akishawasha, yeye haangalii tena mbele, anavuta tu.

Siku ile ilikuwa Jumanne, tarehe 27 Mei. Nilikuwa nakaribia Ihumwa nikasikia honi mbili. Nikatazama mbele, upande wa kurudi mjini ulikuwa mtupu, lami imenyooka, hakuna hata baiskeli. Nikawasha ya kushoto.

Hata mtoto wa Dodoma anajua, Edina. Barabara ikiwa tupu saa moja asubuhi, si neema hiyo. Ni trafiki wamezuia magari huko mbele kwa sababu kuna mkubwa anapita. Miaka kumi na tisa naendesha katika mji huu, nimewekwa pembeni kupisha misafara hata sikumbuki mara ngapi. Siku hiyo nilisahau. Sikuwa nimelewa, wala sikuwa na usingizi. Nilifurahi tu kuona nafasi, nikataka mtoto wetu aipate.

Alikuwa ubavuni kwangu ndipo pikipiki ya polisi ilipotokea na king'ora, na nyuma yake magari meusi. Askari akampungia atoke. Atoke aende wapi? Nilikanyaga breki nimwachie nafasi, lakini tipa lenye mchanga halisimami kama baiskeli. Mbele yangu kulikuwa na gari dogo, vioo vimefungwa. Gerson akalinyooshea mkono kuomba nafasi, nalo likasogea likaziba. Hapa mjini kumwachia bodaboda nafasi watu wanaona ni kushindwa. Ikabidi akatize upande wa kulia, akavuka lami yote, akaingia mtaroni yeye na pikipiki yake.

Msafara ukapita. Wanasema hakuna gari lililomgusa, na ni kweli. Yalipita magari tisa, mimi nimesimama upande wa pili, askari amenyoosha mkono nisivuke, na huko mtaroni namsikia mwanao ananiita mjomba. Hiyo sauti ndiyo ninayolala nayo.

Mguu umevunjika mahali pawili, wameuweka chuma. Daktari anasema atatembea. Habari za kuendesha tena hazigusi. Mama Mwantum, yule Mrangi mwenye pikipiki, alikuja wodini na chupa ya uji, akakaa, hakuuliza hata pikipiki yake ikoje. Nilishindwa kumtazama usoni.

Pikipiki iko kituoni inapigwa jua, na Gerson ameandikiwa kesi ya kupita magari kizembe na kuzuia msafara. Kesho yake baada ya ajali nilikwenda kituoni nimevaa shati la kanisani. Trafiki aliyekuwa pale Ihumwa, Afande Bartolomayo, alinipa kiti. Ni mtu wa adabu, sitamsingizia. Nikamwambia aniandike mimi, kwa kuwa ndiye niliyemwashia kijana taa.

"Mzee wangu, hiyo indiketa yako ilimsukuma?" akaniuliza.

"Haikumsukuma, afande. Ilimwambia pita."

"Sasa hiyo, sheria haiijui. Halafu kijana mwenyewe ameshaandika maelezo. Anasema hakuonyeshwa na mtu, kajipitia."

Akanionyesha karatasi. Sahihi ni ya Gerson, unaijua, ile yenye mkia mrefu. Nikauliza mbona haisemi kwamba msafara ndio uliomwingiza mtaroni. Akafunga faili taratibu. "Hapo usinifikishe, mzee. Na mimi nina watoto." Nilikuwa nimekwenda na hasira, zikaniishia pale pale. Naye nilimwona amewekwa pembeni kama mimi.

Nilitoka hapo moja kwa moja hadi wodini, nikamsihi Gerson abadilishe maelezo. Akasema, "Mjomba, wakikufungia leseni nyumba nzima italala njaa. Mimi mguu umeshavunjika." Ana miaka ishirini na miwili, Edina. Nilitoka nje nikalia, mtu mzima na mvi zangu, mlinzi wa geti ananiangalia.

Kesi itatajwa tarehe 30. Nitakwenda nisimame niseme. Msafiri anasema mshitakiwa akishakiri hakuna anayemsikiliza mjomba wake, na huenda ni kweli. Nimezunguka pande zote, sioni mlango. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu amekuja mapema mno.

Tipa bado naliendesha, tutakula nini. Juzi boda mmoja alinijia nyuma akapiga honi. Mbele kulikuwa kweupe, na safari hii magari yalikuwa yakija moja moja kwa nafasi, hakuna msafara. Mkono ulikwenda kwenye indiketa ukarudi. Akapiga tena, na tena, akanitukana tusi ambalo siwezi kukuandikia, na magari yote ya nyuma yakaanza kupiga honi. Mimi nikaendelea polepole, sikuwasha ya kushoto wala ya kulia.

Msalimie sana shemeji, pamoja na watoto, Brightness na Nathanaeli. Gladness anakusalimu, ndiye anayempelekea Gerson chakula asubuhi na jioni. Mama ukiongea naye usimwambie lolote, tumemwambia mjukuu wake ana malaria. Mungu aliyewalinda wazazi wetu kwenye miaka ya njaa awalinde na ninyi huko mliko, asiwapungukie.

Najua ukimaliza kusoma utampigia Gerson simu. Usimuulize kama haya ni kweli, atakudanganya tena kwa ajili yangu. Mwambie tu kwamba mama yake anajua.

Ni mimi kaka yako nikupendaye, hata kama kwa sasa hutataka kunisikia,

Yotham