Mume Wangu Hulinda Siri za Kila Mtu Isipokuwa Zangu

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na unisamehe kwa mwandiko huu maana naandika kwa hasira, na salamu zenyewe nimezisahau njiani. Mimi ni mama wa watoto wawili, nafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, mashuka ya wodi zote yanapita mikononi mwangu, na mume wangu ni fundi wa kompyuta, yule anayeitwa maofisini mtandao ukigoma, na kila Jumamosi asubuhi anazungumza redioni, watu wanapiga simu kumuuliza habari za usalama wa simu zao, na nina hakika umewahi kumsikia maana mji mzima unamwita Komeo, kwa sababu kila akimaliza kumjibu msikilizaji humwambia, "Funga komeo, ndugu yangu, funga komeo!"

Mshauri, hakuna jambo chini ya jua ambalo mume wangu hana maoni nalo. Kamera ya kompyuta yake ameibandika plasta ya kidonda, eti kuna watu huko duniani wanatutazama tukila. Sheria ya kusajili laini kwa alama za vidole aliipinga hewani mpaka sauti ikamkauka, akauliza, "Serikali inataka kujua nalala saa ngapi ili iweje?" Nyuki wakipungua ni minara ya simu, mtoto akishindwa hesabu ni minara ya simu, na yeye mwenyewe akienda kulala huitia simu yake ndani ya sufuria na kuifunika ili mawimbi yasimchemshe ubongo, na mama mkwe akipiga alfajiri sufuria inalia jikoni kama kawaida, mimi nacheka, yeye hacheki. Lakini nilijivunia. Wenzangu kazini wakisema mumeo ana kichwa, aliyekuwa anavimba kichwa ni mimi.

Mwaka jana aliichukua simu yangu akasema anaitia dawa ya virusi, nikamwachia, kwani fundi si yeye? Sikuuliza dawa gani.

Sasa nina mdogo wangu, kitinda mimba wetu, aliyeolewa na fundi wa mageti ya chuma, mwanamume mwepesi wa kuinua mkono, na mdogo wangu alivumilia sana mpaka siku alipopigwa mbele ya mwanawe, akambeba mtoto akatoka, na tukakubaliana mimi na yeye mahali atakapojificha, kwa rafiki yake mshona mapazia, kwenye chumba kilicho nyuma ya duka lake, na zaidi yetu sisi watatu hakuna aliyejua. Mume wangu sikumwambia. Si kwamba nilimchukia, ila yeye na yule shemeji ni wanyumba, wameoa mtu na mdogo wake, wanatazama mpira pamoja, na mdomo wa mume wangu naujua, umezoea kipaza sauti. Kila Alhamisi nikitoka kazini nilipitia huko na maziwa ya mtoto na nguo nilizowafulia, tunakaa kidogo, tunacheka kidogo, narudi nyumbani.

Siku moja shemeji akaja kwetu mimi nikiwa kazini, akakaa kwenye kochi langu akalia. Mume wangu akamwonea huruma. Akaifungua kompyuta yake, hiyo hiyo yenye plasta, akamwonyesha ramani ya mji, na kwenye ramani hiyo, mshauri, mimi ni nukta nyekundu, naonekana ninapokwenda na ninaposimama, na ninaposimama sana panaandikwa. Akamwambia, "Mwanyumba, mke wangu kila Alhamisi anatua mtaa huu hapa. Ndugu hatuna huko, kazi hana huko. Wewe anzia hapo."

Shemeji akaanzia hapo. Alimkuta mdogo wangu uani anaanika nguo, akamshika mkono akamvuta kuelekea nje, na alipogoma akauzungusha mpaka ukavunjika kwenye kifundo. Mshona mapazia alitoka na mkasi wake mkubwa wa kitambaa akimpigia kelele, majirani wakajaa, ndipo jamaa akakimbia. Nilirudi nyumbani nalia, nikamsimulia mume wangu, naye akajishika kichwa akasema, "Aliniahidi atazungumza naye tu!" Nikamuuliza alikuahidi lini, na wewe ulijuaje? Hapo ndipo akanieleza yote, polepole, kama anavyowaeleza wasikilizaji wake.

Unadhani aliomba radhi? Alisema, "Kosa ni lako. Ungeniambia unakwenda wapi nisingehitaji kukutazama. Mimi ni mlinzi wa nyumba hii." Nikamwambia, na serikali nayo ikisema hivyo hivyo? Akanijibu, "Usichanganye mambo. Serikali siyo mume."

Na Jumamosi akaenda redioni! Akasema taarifa zako ni mwili wako, asiziguse mtu bila idhini yako, na mama mmoja akapiga simu akamwombea maisha marefu. Mimi nilikuwa nampigia pasi shati lake. Nililiunguza, na wala sijuti.

Lakini hilo silo linaloninyima raha. Linaloniua ni kwamba mdogo wangu ameshika kwamba aliyemsaliti ni mshona mapazia, kwa sababu waliojua zaidi yake walikuwa wawili, na mimi ni damu yake. Amemtukana rafiki yake mbele ya majirani, amehama na mtoto, hapokei simu za rafiki yake huyo. Juzi alinifuata kazini, akaingia mlango wa nyuma tunapotolea matoroli ya mashuka, mkono umefungwa plasta ngumu kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko, akaniegemea begani akasema, "Dada, nimebaki na wewe tu." Na simu yangu ilikuwa mfukoni mwa aproni, baina yangu na yeye.

Nikimwambia ukweli nitampoteza, na sina mdogo mwingine. Nikinyamaza, mwanamke asiye na kosa anabeba mzigo wa nyumba yangu. Mama mkwe anasema mume anayekutafuta ni mume anayekupenda, na ndoa haivunjwi kwa ajili ya simu. Nifanye nini? Na tafadhali ichapishe. Namtaka aisome.

Ni mimi,
Nukta Nyekundu

MSHAURI ANAJIBU

Mpendwa Nukta Nyekundu,

Barua yako niliisoma nimeketi, nikaimaliza nimesimama. Sikuichapisha papo hapo. Nilikutafuta kwanza kwa simu ya ofisi ya kazini kwenu, ukanihakikishia kwamba hujui mdogo wako amehamia wapi na kwa sasa hutaki kujua. Hapo ulitumia akili. Kazi za watu na jina la utani la mumeo nimeyabadilisha, lakini mwenyewe atajijua.

Hasira yako ni ya haki na usikubali mtu yeyote akuambie unakuza mambo. Mama mkwe wako mwache na mapenzi yake ya ramani. Mume anayekupenda na hajui ulikuwa wapi hukuuliza ulikuwa wapi, kisha anasubiri jibu, na jibu lisipomridhisha mnagombana kama watu wengine. Hakuwekei kwenye simu dawa ya virusi ya uongo. Na hata kama wivu ulimzidi, kukutazama ni ubaya mmoja, na kumwonyesha mwanamume mwenye mkono mwepesi pa kumpata mkewe aliyemkimbia ni ubaya mwingine kabisa. Asijaribu kuuficha wa pili nyuma ya wa kwanza.

Nami, kama alivyo mumeo, sipendi serikali inichungulie, na sheria za kulinda taarifa zetu nazitaka tena zenye meno. Lakini faragha inayoanzia barabarani na kuishia kwenye kizingiti cha nyumba si faragha, ni ubwana. Na kwa kuwa wasomaji wengi wananiuliza habari za minara, nasema na hili nipumue: waliochunguza mawimbi ya simu hawajaleta bado ubongo uliochemka, kwa hiyo sufuria ziacheni zipike. Hatari iliyomvunja mdogo wako mkono haikutoka angani. Ilikuwa juu ya meza ya sebuleni kwako, imefunguliwa na mtu anayehofia nyuki kufa kuliko mdogo wa mkewe kuumia.

Sasa nakugeukia wewe, na usinune. Umejua yote haya, umelia, umeunguza shati, halafu simu ile ile umeendelea kuitia mfukoni mwa aproni! Mdogo wako anakulilia begani na wewe umembeba mlinzi wa mumeo kiunoni. Unajuaje kama inaonyesha njia tu? Unajuaje kama haisikii? Shati halikukosea kitu, mama. Ungeanza na simu.

Kwa hiyo tafuta simu nyingine, hata ile ya batani ya kupigia tu, na laini mpya, na mumeo asiiguse. Maneno yako yote ya siri yabadilishe ukiwa kwenye simu au kompyuta ambayo mkono wake haujafika, ukikaa kwa mwenzako unayemwamini. Simu ya zamani usiivunje kwa hasira, na programu ya kukufuatilia aliyoiweka humo usiifute, maana ni ushahidi. Ipeleke polisi ikiwa nzima, na uende na mdogo wako pamoja na karatasi za hospitali za mkono wake. Unafanya kazi hospitalini, jirani yako hapo hapo kuna ofisi ya ustawi wa jamii, na wewe unawafulia mapazia. Ingia, keti, eleza. Kazi yao ni kumtafutia mtu kama mdogo wako mahali pa kulala ambapo hata wewe huambiwi.

Ndoa yako sikuamulii. Wapo watakaokuambia vumilia na wapo watakaokuambia toka kesho, na wote hawatalala kitandani mwako wala kulea watoto wako. Mimi nitakupa kipimo kimoja. Mume wako aende polisi kwa miguu yake aandikishe alichokionyesha na aliyemwonyesha, kisha aende dukani kwa mshona mapazia aseme mbele ya majirani wale wale, "Ni mimi." Akienda, una mume aliyekosea vibaya na mna pa kuanzia. Akikujibu kwa hotuba, jibu umelipata, usije kuniuliza mara ya pili.

Na wewe Komeo, najua unasoma. Gazeti hili halina neno la siri. Mwanyumba wako alikaa kwenye kochi akalia, ukamwonea huruma. Yule aliyelia uani mkono umening'inia, huruma yake uliiweka wapi? Unawaambia watu kila wiki wasimwamini mgeni anayebisha hodi kwa maneno matamu. Mgeni wako alibisha hodi kwa machozi, ukamfungulia, ukampa na ramani. Jumamosi hii usiende redioni. Kituo cha polisi kinafunguliwa siku hiyo pia.

Nirudi kwako, dada wa mtu, maana swali lako hasa nimelichelewesha. Mwambie. Mwambie atakapokuja tena mlango wa nyuma, simu ukiwa umeiacha mbali, na usianze na "mume wangu ndiye" wala "mimi sikujua," ingawa ni kweli hukujua. Anza na jina la rafiki yake na useme hakumsaliti. Halafu sema ilikuwa simu yangu. Halafu nyamaza, umwache akasirike. Anaweza kukusukuma kwa huo mkono mzima uliobaki. Anaweza kuondoka akakaa miezi bila kukutafuta. Mwache aende, usimfuate, usimlilie akuhurumie. Najua unaogopa kumpoteza, lakini jiulize ni nini unachokishikilia sasa hivi: anamkimbia mwanamke aliyetoka na mkasi kumtetea, na anakuja kujificha kwako, ambako ndiko siri yake ilikovuja.